Sajini wa Jacobs

Yule mgeni alikuja kanisani na viatu vinavyong'aa kupita vya mchungaji, na kabla hajafungua kinywa Yvette alikwisha kumtilia shaka.

Ibada ilikuwa imemalizika. Waumini walisimama kwenye ngazi za jengo lao la mjini Durban, juu ya duka la mablanketi, wakisalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Mgeni akajitambulisha: anaitwa Térence, Mrundi aliyekulia Lubumbashi, na ametumwa kutafuta wanaume. Si wanaume wowote. Alitaka waliokonda, wenye miguu ya kutembea, vijana kwa watu wazima. Wenye vitambi aliwaomba radhi.

"Iko kazi ya filamu," alisema. "Mutacheza maaskari. Asubuhi munaingia, jioni munatoka. Simu munaacha kwa geti. Na mambo ya ndani hayatoki inje, hata kwa madame. Watu wa filamu ndiyo sheria yao, voilà."

Wanaume wakacheka wakipigana makofi matumboni. Yvette hakucheka. Alimtazama yule mtu kuanzia viatu hadi kola, kisha kutoka kola hadi viatu.

Alikuwa ameshamwona mtu kama huyo. Kule kwao Baraka, kando ya ziwa, Yvette akiwa bado msichana wa shule, alikuja parokiani bwana mmoja mwenye shati jeupe akisema anatafuta vijana wa kufundishwa udereva wa malori. Kaka yake, Barthélemy, alipanda gari pamoja na wenzake wakiimba. Hakuna aliyerudi. Baadaye watu walisema vijana wale walipewa bunduki badala ya usukani. Mama yao alikaa miaka mingi akisimamisha kila lori lililopita, akimuuliza dereva jina lake nani. Na sasa hata redioni zilisikika habari za watu walioahidiwa kazi nzuri ng'ambo wakajikuta kwenye mahandaki ya vita visivyowahusu. Basi, mtu anayetaka wanaume waliokonda na wanaonyamaza, anawataka wa nini?

"Usiende," alimwambia mume wake walipofika nyumbani, kwenye fleti yao ya Greyville.

Honoré alikuwa fundi wa simu, mtu mpole, mwembamba, mwenye vidole virefu. Kanisani wote walimwita Mwalimu, kwa kuwa kabla ya kuja Afrika Kusini alikuwa akifundisha shule ya msingi huko Kalemie. Ndivyo alivyomwambia Yvette walipokutana, na ndivyo alivyojua binti yao, Gracieuse.

"Mama Gracieuse, wakitupeleka vitani nitakupigia simu," alijibu akitabasamu.

"Simu unaacha kwa geti!"

Akaenda. Alikwenda pamoja na Israël, kijana wa Fizi ambaye kwa vile alitoka upande mmoja na Yvette alimwita dada, na kila Jumapili alikula kwao.

Wiki ya kwanza Honoré alirudi na malengelenge miguuni. Aliyaloweka katika maji ya chumvi, wala hakulalamika. Yvette alimwuliza wanafanya nini huko Jacobs, kwenye viwanda, mahali pasipo na filamu wala sinema. "Tunatembea," akasema. Akamwuliza Israël. "Sheria ni sheria, dada," naye akasema, akaongeza tonge la fufu.

Halafu yakaanza mambo mengine. Mume wake, ambaye tangu waoane hakuwahi kutandika kitanda hata siku moja, alianza kukitandika kila asubuhi, blanketi limekunjwa pembe zake zikakaa kama zimekatwa kwa kisu. Alipiga viatu rangi, vyake na vya Gracieuse. Siku moja Yvette alipokuwa akifua suruali yake, alikuta mfukoni kifungo kikubwa cha shaba, kimechorwa ndege mwenye mabawa wazi. Alikwenda nacho saluni alikokuwa akisuka nywele. Mteja mmoja akasema huyo ni tai, bila shaka ni jeshi la Wajerumani. Mwingine akasema Zambia nao wana tai. Yvette aliendelea kusuka, lakini vidole vyake vilikuwa vikienda peke yao. Jeshi la nani lina vifungo vya shaba? Na kwa nini mtu anayecheza tu afiche kifungo?

Siku ya pili yake alimwachia mwenzake kiti chake, akapanda taxi, kibasi cha abiria, hadi Jacobs.

Ghala lenyewe lilikuwa nyuma ya kiwanda cha rangi, ukuta mrefu, geti la chuma, mlinzi wa Kizulu aliyemwambia kwa upole kwamba haingii mtu. Lakini ukuta hauzuii sauti. Yvette alisimama pale akasikia buti, buti nyingi mno, zikipiga sakafu kwa pamoja, kisha sauti ya mzungu ikikaripia kwa Kiingereza, kisha chuma kikigongana na chuma. Hii si filamu, aliwaza. Hawa wanafundishwa kweli.

"Mama, unamngoja nani hapo juani?"

Aliyesema alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, aliyekuwa akishuka kwenye gari dogo. Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya. Aliitwa Zilpah, mhadhiri wa historia, na kazi yake pale ilikuwa kuangalia kwamba watu wa filamu hawaivurugi historia kupita kiasi.

"Nimekuja kuchukua mume wangu," Yvette alisema. "Kabla hamujamupakia kwa ndege."

Zilpah alimtazama, akaona kwamba hana mzaha. Akafunga mlango wa gari, akasimama naye kwenye kivuli cha ukuta.

"Wacha nikueleze. Marekani, zaidi ya miaka mia na sitini iliyopita, walipigana wenyewe kwa wenyewe. Kaskazini na Kusini. Wale wa Kusini walitaka waendelee kumiliki watu weusi kama ng'ombe. Vita vikiwa vimepamba moto, Kaskazini wakaanza kuunda vikosi vya watu weusi, askari wa miguu. Wengine walikuwa wametoroka mashambani juzi tu, migongo bado ina vidonda. Filamu ni hiyo: jinsi kikosi kimoja kilivyoundwa. Kikosi chenyewe kimetungwa, lakini vikosi vya namna hiyo vilikuwepo."

"Mzungu anakuja anasema, njoo nikupe bunduki, na wao wanakubali?"

"Wengi walisita. Walidhani ni mtego, kwamba watauzwa upya. Wake zao ndio walioshuku zaidi. Na maofisa, wazungu watupu, hawakuamini kama hawa watu watasimama risasi zikianza. Miezi ya kwanza kambini, kila mtu alikuwa akimchungulia mwenzake."

"Walikuwa na akili," Yvette alisema.

Zilpah akacheka. Akamwambia kwamba karibuni watapiga picha ya siku ya bendera, siku kikosi kinapokabidhiwa bendera yake na kuondoka, nao wanahitaji wanawake wa kusimama kando kuwaaga. Akitaka, anaweza kuwa mmoja wao, na leo aingie aone kwa macho yake.

Ndani kulikuwa na taa kubwa kama za uwanja wa mpira, na wanaume wengi waliovaa makoti ya bluu, vifungo vya shaba vikimetameta. Yvette alipoviona vile vifungo, pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu ile Jumapili ilitoka yote kwa mara moja. Kumbe kweli. Aliona jirani zake, wauza simu, vinyozi, walinzi wa usiku, wamebeba magobori marefu ya zamani. Wengine waliyabeba kama majembe, wengine kama mama abebavyo mchi. Mmoja alimgonga mwenzake kichwani alipogeuka, na safu nzima ikafa kwa kicheko. Hata Yvette alicheka, akajiziba mdomo.

Kisha akamwona Honoré.

Alisimama mwisho wa safu ya mbele, wala hakuwa akicheka. Gobori lilikuwa limemkaa begani kama limeota pale. Mwalimu wa kwata, mzungu mzee aliyestaafu jeshi, alipotoa amri, wenzake walianza kutazamana nani ageuke wapi. Yeye alikuwa ameshageuka, mwili wote kwa pamoja. Walipoamriwa kushusha silaha, wengine walishika vifyatulio kama watoto wanavyoshika mabomba ya maji. Kidole cha Honoré kilikuwa kimenyooka kando ya chuma, hakigusi. Akampita mwenzake, akamwondoa kidole kwenye kifyatulio, bila hata kumtazama, kama mtu aondoaye nzi kwenye chakula.

Mzungu mzee alifurahi. Alimwita mbele, akamwambia Térence awatafsirie wote: huyu ndiye sajini. Mama mmoja mshonaji akaja na sindano akamshonea tepe tatu kwenye mkono wa koti. Honoré alisimama mguu sawa, macho mbele, hayaoni mtu. Yvette hakuwahi kuyaona macho yale. Alikuwa akimtazama mume wa mtu mwingine.

Wakati wa chakula Israël alikuja alipokuwa ameketi Yvette, sahani mkononi. Hakukaa na Honoré.

"Dada, umeona?"

"Nimeona nini?"

"Usinifanye mutoto. Mwalimu wa shule hashiki fusil vile." Israël alizungumza polepole, macho yake kule alikokuwa Honoré. "Wale walioua baba yangu walikuwa wanatembea hivyo. Vile vile, dada. Tangu siku ya kwanza nilikuwa naangalia nasema hapana, ni macho yangu. Leo siyo macho yangu."

Yvette alichukua taxi akarudi mjini, na njia nzima hakusikia muziki wala kondakta akidai nauli.

Alingoja hadi Jumamosi alasiri, Gracieuse alipokwenda mazoezi ya kwaya. Ilikuwa siku ya mbio za farasi kwenye uwanja wa jirani, na sauti ya mtangazaji wa uwanjani iliingia dirishani ikipanda na kushuka. Yvette alifunga dirisha.

"Ulijifunzia wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Bunduki."

Honoré alikuwa akichokonoa simu ya mtu. Aliiweka mezani. "Kwa filamu mutu anaona mambo mengi."

"Kwa filamu wanafundisha kidole kisiguse?"

Alikusanya bisibisi zake moja moja, akazipanga kando ya simu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya upole anayoitumia na wateja, kwamba hakuwahi kuwa mwalimu. Alikuwa mwanafunzi. Walikuja shuleni, wakafunga mlango wa darasa, wakachukua wavulana wote wa mwaka wa mwisho. Alikaa nao karibu miaka miwili, kisha akatoroka. Akalitaja kundi lile kwa jina. Yvette alilijua jina hilo. Kila mtu wa kwao alilijua.

"Mulifika Baraka?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Tulikuwa tunatembea usiku, Yvette. Tunafika mahali, hatuambiwi jina. Asubuhi tunaondoka. Nimetazama ramani mara nyingi, nimeshindwa kujua. Naogopa kujua."

"Na Barthélemy?"

"Sikumuona. Kama ningemuona ningekuambia."

"Ungeniambia!" Yvette alisimama, kiti kikaanguka. "Umenificha tangu tuoane, umedanganya mchungaji, umedanganya mutoto wako, halafu unasema ungeniambia?"

Hapo ndipo palipomuuma zaidi. Labda ilikuwa kweli kwamba hakumwona kaka yake. Labda yote aliyosema ilikuwa kweli. Lakini atajuaje? Mwongo akisema kweli, kweli yake nayo hunuka uongo. Alimtazama yule mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote, akaona kwamba hana pa kuanzia kumwamini, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa.

Siku ya bendera ilifika, na Yvette alikwenda. Si kwa ajili ya filamu. Alitaka kuona.

Wanawake walivalishwa magauni mapana na vitambaa vya kichwa, wakapangwa kando ya barabara ya udongo iliyojengwa mle uani. Wanaume walitakiwa kuingia katika safu zao, kupokea bendera, kisha kutoka kwa mwendo wa kijeshi. Sajini akatoa amri. Hakuna aliyesogea.

Akarudia. Israël alikuwa ameketi juu ya sanduku, gobori kati ya magoti.

"Hatupokei amri ya huyu," alisema. "Aseme kwanza alikuwa wa kundi gani."

Térence akaja mbio, viatu vyake vinavyong'aa vimejaa vumbi. "Eish, mes frères, siyo leo! Kamera ziko tayari, mambo ya kwenu mutamaliza huko inje!" Watu wa kamera walitazamana wasielewe. Zilpah, aliyeelewa kila neno, alimshika Térence mkono akamwambia anyamaze.

Honoré alisimama mbele ya wanaume wale wote. Yvette alimwona akitafuta uso wake kati ya wanawake, akaupata, na yeye hakugeuza macho wala hakumpa chochote. Basi Honoré akasema. Alilitaja kundi. Alisema alichukuliwa shuleni. Hakusema alilazimishwa kuua wala hakusema hakuua. Alisema, "Nilikuwa huko, na nilibeba silaha." Kisha akashika tepe za mkono wa koti akazing'oa, uzi ukatoa sauti, akamkabidhi Térence, akaenda kusimama safu ya mwisho kabisa.

Mtu mmoja wa Uvira alitema mate chini, akavua koti lake la bluu, akaondoka. Hakuonekana tena pale. Wengine walitazama ardhi. Kulikuwa na wawili watatu ambao waliitazama ardhi kwa namna ambayo Yvette aliitambua, na akajua kwamba hata hao wana ya kwao.

Israël ndiye aliyeinuka. Alitembea hadi safu ya mwisho, Honoré akafumba macho kama mtu anayengoja kofi. Israël alipita, akasimama nyuma yake.

"Hapa ndipo nitasimama," alisema. "Siku zote. Nyuma yako, nikuone."

Kikosi kikaundwa hivyo. Mtu mwingine alishonewa zile tepe, bendera ikakabidhiwa, ngoma zikapigwa. Wanawake waliambiwa wapunge vitambaa walie. Yvette alipunga. Kulia hakulia. Honoré alipopita mbele yake, na nyuma yake Israël akiwa amemkazia macho kisogoni, alijiuliza wake wa wale askari wa zamani walikuwa wakimuaga nani hasa, na kama walijua.

Kazi ya Jacobs ikaisha, Térence akapotelea alikotoka, na ghala likarudi kuwa ghala. Kule Greyville mume na mke hawakuachana, lakini Yvette alihamia chumbani kwa Gracieuse, na kila jioni baada ya chakula alimwuliza Honoré swali moja. Mlikula nini. Nani alikuwa mkubwa wenu. Ulimpiga nani. Mengine Honoré aliyajibu, mengine alitoka kwenda kusimama barazani kwanza ndipo akajibu. Yvette alikuwa akimtega, anarudia swali la juzi kwa njia nyingine aone kama jibu litayumba.

Jioni moja alimwuliza alitorokaje. Akasema alitelemka hadi ziwani, karibu na Moba, na mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Ghislaine akamficha nyuma ya nyumba yake ya kuanikia samaki. Yvette alilishika jina hilo. Kesho yake alimwambia Israël, kwa kuwa Israël ana binamu Moba, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine Durban nzima aliyetaka kumnasa Honoré kama wao wawili.

Ilichukua majuma. Jumapili moja mchana, Honoré akiwa bado kanisani na Gracieuse, Israël alikuja na simu mkononi, akapiga, akaiweka mezani, akafungua spika. Kulikuwa na kelele za upepo na kuku, kisha sauti ya mwanamke mzee: binamu alikuwa amempata Mama Ghislaine.

"Nani? Honoré? Jina silijui, mwanangu. Walipita wengi."

"Alikuwa mwembamba," Yvette alisema. "Vidole virefu."

"Aah! Ule wa ndizi mbichi!" Mwanamke akacheka hadi akakohoa. "Nilitoka kuchukua maji, narudi nakuta mtoto wa watu anakula ndizi zangu mbichi na maganda yake. Ana bunduki. Nikamwambia, kwanza tupa hicho kitu ziwani, halafu nitakupikia. Akakaa pale analia. Alilia mpaka nikamwonea haya. Halafu akaenda akatupa."

Israël aliinamia simu. "Mama, bunduki yake ilikuwa na risasi? Ilikuwa inatoka kupiga watu?"

"Sikuangalia risasi, mwanangu. Niliangalia ndizi."

Hilo halikuwa limejibu swali la Israël, wala la Yvette. Baraka ilibaki pale pale, Barthélemy alibaki pale pale, na baba yake Israël. Lakini kitu kimoja katika yote aliyowahi kusema Honoré kilikuwa kimesimama chenyewe, bila yeye kukishikilia.

Mlango ulifunguliwa. Gracieuse aliingia kwanza akipitia moja kwa moja jikoni, kisha baba yake, Biblia kwapani. Alimwona Israël mezani pake kwa mara ya kwanza tangu Jacobs, akasimama mlangoni asijue aingie au atoke. Israël hakumsalimu. Alivuta kiti kilichokuwa karibu naye, akakisogeza kidogo kutoka mezani.

Yvette alimnyooshea mume wake simu, kuku wa Moba wakisikika bado.

"Kaa," alisema. "Iko mutu anataka kukusalimia."